Tippu Tip na Njia ya Ujiji

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Ujiji, safari ni fupi. Utaona miembe mikubwa ya zamani, na chini utaona ziwa na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Wageni wengi huja kuona mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Lakini kabla ya Wazungu hao Ujiji ilikuwa tayari mji wenye habari zake. Ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyepita njia hiyo akawa tajiri mkubwa.

Ujana wake

Jina lake hasa lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyekaa Tabora. Hamed alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akiuza sandarusi. Alipokuwa kijana alifika Tabora kwa baba yake, kisha Ujiji. Huko aliona bei ya pembe iko juu. Basi yeye na wenzake wakavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi wakaenda Urua, ambako pembe zilikuwa rahisi.

Hapo alijifunza jambo moja: ng'ambo ya ziwa kuna mali, na mwenye bunduki nyingi huipata upesi.

Bunduki na pembe

Mwaka 1867 Hamed alipigana na mtawala mmoja aliyeitwa Nsama, kusini ya Ziwa Tanganyika. Watu wa Nsama walikuwa wengi, lakini walipigana kwa mishale. Watu wa Hamed walikuwa na bunduki. Nsama alishindwa, na pembe zake zikachukuliwa. Wengine husema jina la Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake. Wengine husema alipewa jina hilo kwa sababu ya kupepesa macho.

Wakati mwingine alitumia hila badala ya bunduki. Katika nchi ya Utetera, huko Kongo, alimwambia mtawala mzee Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu. Alisema bibi yake alizaliwa katika ukoo ule, akachukuliwa utumwani. Mzee akasadiki, akamwachia utawala na pembe zote.

Sasa fikiri, msomaji. Pembe haziendi pwani zenyewe. Kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, nazo zilikwenda mabegani mwa watu. Wengine walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira. Wengine walikuwa mateka waliofungwa minyororo shingoni. Vijiji vilichomwa moto, mashamba yakaachwa, na njaa ikafuata. Wengi walikufa njiani. Miongoni mwa Wamanyema wa Ujiji na Kigoma leo wako wajukuu wa watu waliovushwa ziwa siku zile.

Mnyang'anyi anakuwa gavana

Mwaka 1876 Stanley alimwomba Tippu Tip amsindikize katika Mto Kongo. Walipatana kwa malipo, akamsindikiza sehemu ya njia. Safari hiyo iliwafungulia Wazungu nchi ya Kongo. Baadaye Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajitwalia nchi hiyo.

Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kuzuia biashara ya watumwa, yeye aliyetajirika kwayo!

Mambo ya namna hiyo yalipata kutokea kwingine. Mbali sana, katika kisiwa cha Jamaika, uko mji wa Port Royal uliokuwa kituo cha maharamia, yaani wanyang'anyi wa baharini. Mmoja wa wakubwa wao, Henry Morgan, aliiteka miji ya Wahispania na kupora mali. Baadaye Waingereza walimfanya naibu gavana. Wakubwa walipomhitaji mwenye nguvu, hawakumwuliza mali yake imetoka wapi.

Mwisho wake

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890 akarudi Unguja. Nyuma yake vita vilizuka kati ya Wabelgiji na Waarabu. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Mshirika wake Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji, alishindwa mwaka 1894. Watu wa kawaida walitoka katika mikono ya mnyang'anyi mmoja wakaingia katika mikono ya mwingine.

Tippu Tip alikaa Unguja na mashamba yake mpaka alipofariki Juni 1905. Nyumba yake ingalipo katika Mji Mkongwe.

Kabla ya kufa aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo. Ndani yake utapata safari, vita na hesabu za pembe. Lakini wale waliozibeba pembe hizo ni wachache sana walioacha maandishi. Majina ya wengi wao hayajulikani.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Ujiji usitazame sanamu na miembe tu. Wakumbuke na waliopita hapo wakiwa na minyororo. Nawe unayejua kusoma na kuandika, waulize wazee wa kijiji chako habari za zamani, uziandike. Asiyeandika habari zake huandikiwa na mwingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Tippu Tip alivuka Ziwa Tanganyika?
2. Alipataje utawala wa Utetera?
3. Kwa nini Leopold alimpa ugavana?
4. Kijijini kwenu wazee husimulia nini juu ya misafara? Andika sentensi tano.