Saa ya Dhahabu na Yatima wa Kulmbach

Mwezi uliopita mjane wa mwalimu mwenzetu alinijia nyumbani akiwa ameifunga saa ya mkono katika leso. Ni saa ya dhahabu ambayo marehemu aliachiwa na babake. Sonara alikwisha kuitia mizanini na kutaja bei ya dhahabu kuukuu, naye mama alikuwa radhi kuniuzia mimi kwa bei iyo hiyo, maana alijua jinsi ninavyotamani kuanza kukusanya saa za kale. Karo ya mwanawe haikuwa ikingoja.

Niliufungua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, tendo ambalo mjuzi angenikemea kwalo. Ndani mlikuwa na tarakimu 375, yaani sehemu 375 za dhahabu katika kila 1,000, ambayo ndiyo karati 9. Kando yake palikuwa na herufi W&D. Usoni mwa saa hapakuwa na jina ila la duka lililoiuza zamani.

Herufi hizo ni za Wilsdorf na Davis. Huyo Hans Wilsdorf wengi wenu, wanafunzi wangu, mwaijua kazi yake bila kulijua jina lake. Alizaliwa mwaka 1881 mjini Kulmbach, Ujerumani, na alipotimiza miaka 12 hakuwa tena na baba wala mama. Jamaa zake waliiuza biashara ya familia wakampeleka shule ya bweni. Mwaka 1900 alipata kazi ya ukarani La Chaux-de-Fonds, Uswisi, katika kampuni iliyouza saa ng'ambo. Huko alizitia ufunguo mamia ya saa za mfukoni kila siku na kuchunguza kama zaenda sawa. Nadhani ndiko alikojifunza kwamba saa haina thamani kama haisemi kweli.

Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 24, alishirikiana na Alfred Davis kufungua biashara mjini London. Waliagiza mitambo ya saa kutoka Uswisi na kuwauzia wenye maduka, ambao walitia majina yao wenyewe usoni. Wilsdorf aliposajili jina la Rolex mwaka 1908, wenye maduka hawakulitaka, naye akalipenyeza polepole, saa chache katika kila kasha la bidhaa.

Jambo lililokuwa gumu zaidi ni kuuza saa ya mkono yenyewe. Wanaume waliidharau wakiiona pambo la kike, na mafundi walishikilia kwamba mtambo mdogo hauwezi kwenda sawa. Yeye hakubishana nao, bali alizipeleka saa zake zikapimwe. Mwaka 1910 moja ilipata cheti huko Bienne, Uswisi. Mwaka 1914 nyingine ilichunguzwa Kew, Uingereza, kwa siku 45, katika joto na baridi, ikalazwa na kusimamishwa, ikapewa cheti cha daraja la A ambacho hakuna saa ya mkono iliyowahi kukipata.

Hakuwa malaika. Mwaka 1927 Mercedes Gleitze alipoogelea tena katika mlango wa bahari wa Uingereza, alivaa saa ya Wilsdorf isiyoingia maji, nayo pia ilikuwa ya karati 9. Baridi ilimshinda bibi huyo baada ya saa 10 hivi, akatolewa majini. Saa ilikuwa ingali ikienda, na mwezi uliofuata Wilsdorf alilipia ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza.

Lakini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wafungwa wa Kiingereza waliokuwa katika kambi za Ujerumani walimwandikia kuagiza saa. Aliwapelekea, na kuwaambia wasifikirie malipo mpaka vita viishe. Hakujua nani kati yao angeokoka. Mkewe alipofariki mwaka 1944, naye hana mtoto, alianzisha wakfu mjini Geneva, na alipokufa mwaka 1960 kampuni nzima ikawa mali ya wakfu huo.

Nilimweleza mama haya yote huku chai ikipoa. Nilimwambia kwamba sonara alipima kasha tu, na kwamba mtambo wa ndani, pamoja na herufi zile, huenda ukamletea zaidi ya dhahabu yote iliyouzunguka. Alinitazama kwa mashaka, akauliza kwa nini basi nisinyamaze nikainunua.

Niliifunga ile saa katika leso nikamrudishia. Tulikubaliana kwamba fundi wa saa aione kwanza, kisha ataje bei yake mwenyewe. Fedha zangu ningali nimeziweka, ila sijui kama zitatosha.