Ann Lowe, Fundi Ambaye Jina Lake Halikutajwa

Kila ndoa inapotangazwa kanisani, wengi wetu huanza kungoja kwa hamu siku ya kuliona gauni la bibi arusi. Likishaonekana husifiwa sana, lakini ni wachache wanaouliza limeshonwa na nani. Kwa sababu hiyo tumeona vema mwezi huu tuwaletee habari za maisha ya Ann Lowe, mama mmoja wa Marekani aliyekuwa bingwa wa kubuni na kushona nguo za wanawake.

Ann alizaliwa mwaka 1898 katika mji mdogo wa Clayton, jimbo la Alabama. Bibi yake, Georgia, alizaliwa utumwani, naye alikuwa fundi hodari wa sindano. Mama yake, Janie, alirithi kazi hiyo, na wote wawili waliwashonea wake za matajiri wa jimbo lile. Mtoto Ann alikuwa akikaa miguuni pao, akiokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka na kuvifanya maua. Maua hayo ya kitambaa ndiyo yaliyokuja kuwa alama ya kazi yake maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 mama yake alifariki ghafula, akaacha magauni ya mke wa gavana wa Alabama hayajamalizika. Msichana yule, katikati ya msiba, aliketi akayamaliza. Tangu hapo akajua kwamba anaweza kusimama peke yake.

Mwaka 1916 alichukuliwa na familia moja tajiri ya Tampa, Florida, awe mshonaji wao, na mwaka 1917 akaenda New York kusoma katika shule ya ushonaji. Mkuu wa shule alishtuka kuona kuwa mwanafunzi mpya ni mweusi. Wenzake walikataa kukaa naye darasa moja, akawekwa katika chumba cha peke yake. Hata hivyo kazi yake ilikuwa nzuri mno, hata ikachukuliwa na kuonyeshwa wale wale waliomkataa iwe mfano kwao. Akamaliza masomo kabla ya wakati, akarudi Tampa akafungua duka lake. Mwaka 1928 alihamia New York, akiwa ameweka akiba ya dola 20,000.

Lakini muda si mrefu uchumi wa dunia ulianguka, akalazimika kufanya kazi katika maduka ya watu wengine. Huko alishona, na jina la mwingine likawekwa kwenye nguo. Mwaka 1947 mwigizaji wa sinema Olivia de Havilland alipokea tuzo ya Oscar akiwa amevaa gauni la mkono wa Ann, lakini kitambulisho kilichoshonwa ndani yake kilikuwa na jina la mwenye duka.

Mwaka 1950 alifungua duka lake mwenyewe tena, pamoja na mwanawe Arthur. Ndipo ilipokuja kazi iliyompa sifa baadaye. Tarehe 12 Septemba 1953, Jacqueline Bouvier aliolewa na John Kennedy, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Gauni la bibi arusi na ya wapambe wake yalikuwa kazi ya Ann. Gauni la bibi arusi peke yake lilitumia yadi 50 hivi za hariri ya rangi ya pembe za ndovu.

Siku 10 kabla ya arusi bomba la maji lilipasuka katika karakana yake, na magauni 10 yakaharibika, la bibi arusi likiwamo. Ann hakuwaambia wenye arusi hata neno. Alinunua vitambaa upya, akaongeza wasaidizi, wakashona usiku na mchana. Mahali pa kupata faida ya dola 700, alipata hasara ya dola 2,200. Alipoyapeleka magauni kwenye nyumba ya arusi, aliambiwa apite mlango wa nyuma wa watumishi. Alikataa, akasema ama apite mlango wa mbele ama arudi nayo. Akapita mlango wa mbele.

Magazeti yalilieleza gauni lile kwa kirefu, mshono kwa mshono, lakini karibu yote hayakumtaja aliyelishona. Mwaka 1961 gazeti moja liliandika tu kwamba lilikuwa kazi ya mwanamke mweusi mshonaji, bila kutaja jina. Ann aliumia sana, akamwandikia barua mke wa Rais kumweleza uchungu wake.

Wala si jina tu alilonyimwa. Wateja wake walikuwa miongoni mwa watu matajiri kuliko wote Marekani, nao walimpunja bei, naye alikubali kwa kuwa aliipenda kazi kuliko fedha. Arthur ndiye aliyemtunzia hesabu, naye alikufa katika ajali ya gari mwaka 1958. Baada yake madeni ya vitambaa na ya kodi yalizidi, na duka likafungwa. Mwaka 1962 jicho lake la kulia liliondolewa kwa sababu ya ugonjwa. Mtu asiyejulikana alimlipia deni la kodi, na Ann mwenyewe aliamini kwamba ni Jacqueline Kennedy. Jicho la pili lilipasuliwa likapona, akarudi kwenye sindano mpaka mwaka 1972. Alifariki New York tarehe 25 Februari 1981, akiwa na umri wa miaka 82. Leo magauni yake yamehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya nchi yake, na jina lake limeandikwa wazi.

Ndugu zetu, heshima hiyo ilikuja amekwisha kulala. Maandiko yanatufundisha wazi habari za ujira wa mfanya kazi. Katika mtaa wetu wako mafundi wanaokesha kwenye cherehani juma la arusi, la kipaimara na la Krismasi. Mara ngapi tunachukua nguo na kuahidi kumalizia fedha mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukapita? Mara ngapi tunapunguza bei mpaka fundi akose hata ya uzi? Na ninyi mafundi, tunawasihi muandike hesabu zenu, kwani ustadi usio na daftari unaweza kumwacha mtu mikono mitupu.

Basi tukisifiwa nguo, tumtaje aliyeishona, na kabla ya kumtaja tuwe tumekwisha kumlipa. Mungu atujalie.