Finch Hatton: Mwindaji aliyeangamia angani Voi

ASUBUHI ya Mei 14, 1931, ndege ndogo ilipaa kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka mara mbili, kisha ikaanguka na kuteketea. Waliokuwamo walikuwa wawili: rubani Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyevuma kote katika koloni la Kenya, na mtumishi wake, Kamau. Hakuna aliyenusurika.

Finch Hatton alizaliwa Aprili 24, 1887 katika ukoo wa makabaila. Alisomea Eton na Oxford, na mnamo 1911 akaja Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alitokea kuwa mwindaji mashuhuri, akiwaongoza matajiri porini. Mwaka wa 1928 alimwongoza Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VIII.

Alifahamu fika madhara ya sheria isiyokuwa na msimamizi. Mnamo 1929 aliandika katika gazeti la The Times la London akiwashutumu wawindaji waliowaua simba wa Serengeti kwa risasi wakiwa ndani ya magari. Alitaka serikali iwadhibiti.

Hata hivyo, anga nayo ilikuwa pori lisilokuwa na askari. Alipoleta ndege yake aina ya Gipsy Moth, viwanja vilikuwa vichache na ndege ndogo hazikuwa na redio. Rubani alitua palipomridhisha, na uamuzi wa kuruka au kutoruka ulikuwa wake peke yake. Finch Hatton alitua hata katika shamba la mpenzi wake, Karen Blixen wa Denmark, chini ya milima ya Ngong. Alinuia pia kuitumia ndege kuwatafuta ndovu.

Mei 1931 aliazimia kuruka hadi Pwani, kisha Voi. Karen aliomba waandamane. Alimkatalia, kwa kuwa safari ingekuwa ngumu na huenda wangelazimika kulala porini, alihitaji mtumishi. Rubani Beryl Markham naye alialikwa, lakini akabaki Nairobi baada ya mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, kumsihi asiende. Kamau ndiye aliyekwenda.

Huko Pwani, ndege ilipotua Vipingo, rafadha yake iliharibiwa na kipande cha tumbawe. Nyingine ililetwa kutoka Nairobi ikafungwa, na safari ikaendelea hadi Voi. Siku iliyofuata ndipo mauti yalipowafika. Chanzo cha ajali hakikubainika, na itakuwa kumwonea marehemu kudai kwamba ni uzembe. Lakini ni dhahiri kwamba mashaka ya safari hiyo yalijulikana mapema, na waliokuwa na hiari walibaki nyuma.

Finch Hatton alizikwa katika milima ya Ngong akiwa na umri wa miaka 44. Karen aliondoka Kenya mwaka uo huo. Nduguye marehemu alijenga mnara kaburini, na filamu ya mwaka wa 1985 ikaeneza sifa zake duniani.

Kamau hatajwi sana. Ilhali kisa chake ndicho kinachomhusu kila abiria anayepanda ndege mahali ambapo sheria haifiki: ujasiri ni wa rubani, lakini gharama yake hulipwa na wote waliomo.