Argwings-Kodhek na Kiti cha Gem

Marehemu Clement Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, magharibi ya Kenya. Alisoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akaenda Uingereza, alikorudi akiwa wakili wa kwanza Mwafrika wa Kenya. Serikali ya kikoloni ilitaka kumwajiri kwa mshahara pungufu kuliko wa Mzungu mwenye cheo hicho hicho. Aliikataa kazi hiyo, akajitegemea.

Mwezi Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Walioshtakiwa kuwa Mau Mau walikabiliwa na kitanzi, na mawakili wa kuwatetea walikuwa haba. Kodhek alisimama nao mahakamani. Hapo twaona jambo limhusulo kila mwenye kubeba silaha ya dola: mtu aliyekamatwa angali na haki zake.

Mwaka 1956 aliunda chama cha Nairobi District African Congress, na mwaka 1957 alishindwa na Tom Mboya katika uchaguzi wa Nairobi. Hakukata tamaa. Mwaka 1963 watu wa Gem walimpeleka bungeni, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Rais Jomo Kenyatta.

Tarehe 29 Januari 1969 alifariki mjini Nairobi. Serikali ilieleza kuwa ni ajali ya gari. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo.

Kwa desturi ambayo Kenya iliirithi kutoka bunge la Uingereza, kiti cha mbunge aliyekufa si urithi wa jamaa zake wala wa chama chake. Hurudi kwa wapiga kura. Basi mwezi Mei uchaguzi mdogo ulifanyika Gem. KANU, chama tawala alichokuwamo marehemu, kilimsimamisha Wycliffe Rasanga. KPU, chama cha Oginga Odinga, kilimsimamisha Wasonga Sijeyo. Sijeyo alishinda, na kiti kikahamia upande wa upinzani bila risasi kulia.

Ushindi huo haukudumu. Mwezi Julai Mboya aliuawa kwa bastola. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Ghasia zilizuka, na walinzi wakaufyatulia umati risasi. Siku chache baadaye KPU kilipigwa marufuku, na Sijeyo akatiwa kizuizini, asiachiliwe hadi mwaka 1978. Kiti ambacho wananchi walikijaza kwa kura kikaachwa kitupu kwa amri, nao hawakuulizwa.

Msomaji wetu aliye Nyarusange, katika vilima vya Gitega, hana haja ya kusafiri hadi Gem ili alifahamu somo hili. Mwezi Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye kuwa rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi walimwua, na nchi ikaingia katika vita vilivyodumu miaka mingi. Waliopaswa kumlinda aliyechaguliwa ndio waliomwondoa, na gharama yake ikalipwa na wakulima, wanawake na watoto, na askari wenyewe pia.

Kifo huacha kiti wazi, na sheria huonyesha njia ya kukijaza. Kazi ya askari na polisi ni kuilinda njia hiyo, kulinda sanduku la kura, kisha kumheshimu aliyetoka humo, hata kama siye waliyempenda.