Ibn Khaldun na Dhahabu ya Geita

Vijana ninaowasomesha Dini hapa Geita hawaachi kuniuliza: iweje tunalala juu ya dhahabu na bado tu mafukara? Swali hilo, ndugu msomaji, lilikwishajibiwa na mwanachuoni wa Kiislamu zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Abdurrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi, tauni iliwachukua wazazi wake na wengi wa walimu wake. Aliwatumikia masultani wa Maghrib na Andalusia, akapanda vyeo, akafungwa huko Fez, kisha akatumwa balozi Seville mwaka 1364. Fitna za siasa zilipomchosha, alijitenga katika ngome ya Ibn Salama, Algeria ya leo, na mwaka 1377 akaikamilisha Muqaddimah.

Hakuwa mpiga ramli. Aliziona dola zikiinuka na kuanguka, akatoa kanuni. Dola changa hutoza kodi ndogo na hazina hujaa. Ikishazoea anasa huzidisha kodi, watu huvunjika moyo wa kuzalisha, na mapato hupungua. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja alipokuwa akitetea punguzo la kodi.

Watu wa Maghrib walidhani nchi za Mashariki zimetajirika kwa migodi. Ibn Khaldun akawaonesha kuwa dhahabu inayojulikana ilitoka nchi za watu weusi kusini mwa Sahara, karibu zaidi na wao wenyewe! Utajiri, alifundisha, huletwa na kazi za watu, ufundi na biashara. Dhahabu ni kipimo tu cha thamani. Tena aliandika mlango mzima kuwakosoa wanaosaka hazina zilizofukiwa kwa talasimu na nyaraka za uongo, wakikwepa chumo la kawaida.

Sasa tujitazame. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya ndugu zetu albino, baada ya waganga kuwaaminisha watu, wakiwemo wachimbaji, kwamba viungo vya binadamu huvuta mali. Hiyo ni shirki juu ya dhulma ya kumwaga damu.

Mwaka 1384 Ibn Khaldun aliteuliwa Kadhi Mkuu wa Kimaliki mjini Cairo. Mwaka huohuo mkewe na watoto wake walizama baharini wakimfuata. Hakuacha kazi ya elimu. Alivuliwa ukadhi na kurejeshwa mara kadhaa, na alipofariki mwaka 1406 alikuwa bado kadhi.

Basi huwaambia vijana wangu: anayekwenda machimboni aende na jembe lake na bismillahi, si na hirizi. Na mzazi asimtoe mtoto darasani kwa tamaa ya shimo. Dhahabu huisha, elimu na ufundi hubaki.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Khaldun, na sisi atuongoze. Amin.