Peter O'Connor: Mchupaji Aliyepanda Mlingoti kwa Jina la Kwao

Katika michezo ya kimataifa mshindani huenda na majina mawili, lake mwenyewe na la nchi yake. La kwanza hupewa na wazazi. La pili huandikwa na wakubwa wa kamati, na hapo ndipo huzuka mvutano. Mmoja wa walioonja uchungu wa mvutano huo ni marehemu Peter O'Connor, mchupaji wa Ayalandi aliyevuma mwanzoni mwa karne ya 20.

O'Connor alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1872 katika mji wa Millom, Uingereza. Hata hivyo, wazazi wake walikuwa Waayalandi, naye alilelewa katika jimbo la Wicklow, huko huko Ayalandi. Ukubwani alihamia mji wa Waterford, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili, na baadaye akawa wakili yeye mwenyewe. Sifa yake lakini haikutokana na sheria bali na miguu. Tarehe 5 Agosti 1901, mjini Dublin, alichupa umbali wa futi 24 na inchi 11 na robo tatu, yaani meta 7.61. Ulimwengu mzima ulikaa miaka 20 bila ya kumpata wa kuivunja rekodi hiyo. Kwao Ayalandi ilidumu miaka 89, hadi mwaka 1990.

Zama hizo Ayalandi nzima ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na Waingereza walipenda ushindi wa mtu kama huyu uhesabiwe kuwa wao. Walimtaka afuatane nao kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900, akakataa. Alitaka kwenda kwa jina la Ayalandi ama asiende kabisa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Mwaka 1906 alidhani siku yake imefika. Ugiriki iliandaa michezo mjini Athens, na vyama vya riadha vya Ayalandi vikamchagua O'Connor pamoja na Con Leahy na John Daly. Wakashonewa makoti ya kijani yenye nakshi ya dhahabu, alama ya lile jani la sehemu tatu ambalo Waayalandi hujitambulisha kwalo. Wakachukua na bendera ya kijani yenye maneno ya kuitakia Ayalandi uhai wa milele.

Walipofika Athens walikuta daftari limekwisha kuandikwa. Wote watatu walihesabiwa kuwa watu wa Uingereza. Kanuni ilitaka kila mshindani aletwe na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Uingereza ilikuwa nayo, Ayalandi haikuwa nayo. Walilalamika wala malalamiko yao hayakufua dafu.

Katika kuchupa umbali, mwamuzi alikuwa Matthew Halpin, ambaye pia ndiye aliyekuwa meneja wa timu ya Marekani. Ushindi ulikwenda kwa Myer Prinstein wa Marekani, na O'Connor akawekwa wa pili. Alipinga uamuzi, asisikizwe. Kisha ukaja wakati wa kupandisha bendera za washindi, na kwa ajili yake ikapandishwa bendera ya Uingereza.

Hapo uvumilivu ulimwishia. Mtu mzima wa miaka 33 aliukwea mlingoti kama mkwezi aukweavyo mnazi, na alipofika juu akaipeperusha bendera yake ya kijani mbele ya halaiki ya watu. Leahy alibaki chini akiwazuia walinzi. Baada ya siku chache O'Connor alishinda mchezo wa miruko mitatu kwa meta 14.07, na Leahy akawa wa pili. Leahy naye alishinda kuruka juu. Hata hivyo, kwa mujibu wa daftari, yote hayo yaliandikwa kuwa ni ya Uingereza.

Kadhia hii haikuwa na Ayalandi peke yake. Katika michezo, nchi ni ile iliyokubaliwa na wenye kuandika. Sisi Kenya tulipeleka timu kwa jina letu katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, miaka saba kabla ya uhuru, kwa kuwa kamati yetu ilikuwa imekwisha kutambuliwa. Ndugu zetu wa Zanzibar, kwa upande mwingine, walikubaliwa na shirikisho la kandanda la Afrika mwezi wa Machi 2017, na ilipofika Julai uanachama huo ukafutwa kwa hoja kwamba Zanzibar si dola peke yake.

O'Connor alijaaliwa kuishi akayaona mageuzi. Sehemu kubwa ya Ayalandi ilijitawala mwaka 1922, na mwaka 1924 ikashiriki Olimpiki ya Paris kwa jina lake. Lakini jina lenyewe liliendelea kuwa na matata. Mipaka ya riadha ilipotakiwa ifuate mipaka ya siasa, na kaskazini ya kisiwa ikatengwa, Waayalandi walisusia michezo ya Berlin ya mwaka 1936. Hata London mwaka 1948, wenyeji walishikilia kwamba wageni wao waandamane kwa jina la Eire, na wageni wakishikilia jina la Ireland, maana hilo linakusanya kisiwa kizima. Neno moja tu, lakini ndani yake mlikuwamo mpaka.

Peter O'Connor alifariki dunia mjini Waterford mwezi wa Novemba 1957, akiwa na umri wa miaka 85. Halmashauri Kuu ya Olimpiki haiihesabu michezo ile ya Athens kuwa Olimpiki rasmi. Basi kamati iliyomnyima jina ilimwandikia ushindi, na wakubwa wa baadaye wakaufuta ushindi wenyewe. Lakini wino wa wakubwa haukuigusa habari ya mlingoti. Bendera ile ya kijani bado hukumbukwa pamoja na meta alizochupa.