Mwalimu wa Srinagar na Makafi Yake

Twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za mwalimu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana katika nchi zetu, bali katika bonde la Kashmir, kaskazini mwa Bara Hindi, lingali likitajwa kila siku. Huyo ni Cecil Earle Tyndale-Biscoe. Alizaliwa mwaka wa 1863 huko Holton, karibu na mji wa Oxford, Uingereza, akafundisha katika shule moja tu mpaka alipostaafu akiwa mzee wa miaka 84.

Kwa umbo alikuwa mtu mdogo, na udogo huo ndio uliomfaa. Alipokuwa mwanafunzi wa Jesus College, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, hakujipatia sifa kubwa kwa vitabu, lakini walimchagua kushika usukani wa mashua ya mashindano. Mashua ya namna hiyo huwa na wapiga makasia wanane wenye nguvu, na mshika usukani mmoja mwepesi ambaye kazi yake ni kuona njia, kutoa amri na kuwatia moyo wenziwe. Mwaka wa 1884 aliiongoza mashua ya Cambridge katika mto Thames, wakawashinda watu wa Oxford. Nasi twadhani kwamba kazi yake yote ya baadaye ilifanana na kiti kile cha usukani: mtu mdogo aliyekaa mbele ya vijana wenye nguvu, akiwashurutisha kuzitumia.

Alipata upadre katika Kanisa la Kianglikana, akatumika kwa muda katika mtaa wa maskini wa Whitechapel, London. Mwaka wa 1890 alitumwa Kashmir na chama cha misioni cha kanisa lake, CMS, chama kile kile kilichomtuma Krapf Mombasa mwaka wa 1844. Huko mjini Srinagar alikabidhiwa shule ya wavulana iliyokwisha anzishwa na mwenzake aliyemtangulia.

Aliyoyaona darasani yalimfadhaisha. Wanafunzi wengi walikuwa Wahindu wa tabaka la Wabrahmin, wengine wamekwisha kuwa na ndevu na wake nyumbani. Walikaa kimya katika kanzu zao ndefu, na chini ya kanzu kila mmoja amekumbatia chungu kidogo cha makaa ya moto kwa ajili ya baridi. Walikuja kwa shabaha moja, yaani kufaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, kisha kupata kazi ya ukarani katika serikali ya Maharaja. Kukimbia kulikuwa ni aibu. Kupiga kasia kulikuwa ni aibu kubwa zaidi, kwa kuwa ilikuwa kazi ya watu wa mashua, walioitwa hanji, ambao mabwana hao waliwadharau. Mwenye misuli mikononi alidhaniwa kuwa mtu wa chini.

Wasomaji wetu wasiharakishe kuwacheka vijana hao. Ni nyumba ngapi kwetu ambamo kijana aliyemaliza kidato cha nne huona haya kuonekana na jembe begani, na mama yake mwenyewe akamwunga mkono?

Mwaka wa 1891 Bwana Biscoe alileta shuleni mpira wa miguu. Wanafunzi waliuliza umetengenezwa kwa kitu gani, na waliposikia kwamba ni ngozi walikataa kuugusa, maana ngozi ya mnyama mfu ni najisi kwao. Yeye hakubishana nao. Aliwapeleka uwanjani hivyo hivyo, na kanzu zao, vilemba vyao na mitalawanda miguuni, akawaweka walimu wenye fimbo pande zote, akawapa dakika chache za kufikiri. Muda ulipokwisha, fimbo zikaanza kazi, na mpira ukapigwa. Mitalawanda iliruka, vilemba vilianguka, na umati wa watu wa mji ulisimama kutazama kwa mshangao. Mara mpira ukampata mvulana mmoja usoni. Mchezo ukasimama na kilio kikawa kikubwa, kwa kuwa uso wake umenajisika. Mwalimu akaamuru apelekwe kwenye mfereji ulio karibu akaoshwe, kisha warudi wote wacheze. Wakarudi, wakacheza.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa kicheko. Sisi hatuwezi kukisifu chote. Kumlazimisha mtu kwa fimbo aiguse najisi ya dini yake si njia ambayo tungependa kuifuata, na yawapasa wazazi kukumbuka kwamba Mwingereza huyo alikuwa na nguvu ya utawala nyuma yake. Mwalimu mzalendo asingeweza kuthubutu jambo hilo. Tena yeye mwenyewe katika vitabu vyake aliandika juu ya Wabrahmin kwa maneno makali ambayo leo hayasomeki bila uchungu. Haya ni sehemu ya maisha yake, na atakayeyaficha hatakuwa amesimulia kweli.

Lakini tazameni pia fimbo hizo ziliishia wapi. Srinagar ni mji wa maji. Mto Jhelum hupita katikati yake, ziwa Dal liko ubavuni, na bondeni mbele zaidi liko ziwa kubwa la Wular, ambalo dhoruba zake zimezamisha wengi. Hata hivyo wanafunzi hawakujua kuogelea. Mwalimu akaweka sheria: mwanafunzi atakayefikia umri wa miaka 13 bila kujua kuogelea, baba yake atalipa ada zaidi, na kadiri anavyochelewa ndivyo ada itakavyopanda. Wazazi waliokuwa wakipinga kuogelea sasa walianza kuwahimiza wana wao waende mtoni! Baadaye vijana wake waliweza kulivuka ziwa Dal kwa kuogelea, hata Wular lenyewe. Aliwatengenezea mashua, akawafundisha kupiga kasia kwa pamoja kama alivyofundishwa yeye katika mto wa Cambridge, na alama ya shule ikawa makafi mawili yaliyopishana. Bapa la kafi la Kashmir lina umbo la moyo. Mwalimu aliwaeleza kwamba mpini ni nguvu, na moyo ni huruma, na kwamba kimoja bila kingine hakifai.

Nao wakapata nafasi ya kuyatenda hayo. Mafuriko makubwa yalipoupata mji mwaka wa 1893, na tena mwaka wa 1903, walimu na wanafunzi walitoka na mashua kuwaokoa watu waliozingirwa na maji. Nyumba za mbao ziliposhika moto, walikwenda kuzima. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu mwaka wa 1892, na mitaa ilijaa uchafu ambao hakuna mtu wa heshima aliyekubali kuugusa; vijana hao walichukua majembe na sepetu wakasafisha. Wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu katika hospitali ya misioni, kazi ya wale ndugu wawili, Daktari Arthur Neve na Daktari Ernest Neve, walipakiwa mashuani na wana wa Wabrahmin wakatembezwa ziwani wapate hewa. Kasia lililokuwa aibu ya hanji likawa chombo cha kumfariji mgonjwa. Hapo ndipo twaona kwamba michezo ya mwalimu huyu haikuwa michezo tu.

Alipenda pia safari. Kila mwaka wanafunzi walipelekwa milimani, wakalala katika mahema, wakapanda kilele cha Mahadev kinachoutazama mji. Hata katika kutoa alama hakufuata desturi, kwani aligawa maksi kwa akili, kwa mwili na kwa roho, na maksi za roho zilitegemea jinsi kijana anavyowatendea watu wengine.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka wa 1905 Bibi Annie Besant alianzisha chuo cha Kihindu mjini humo, na wazazi wengi walifurahi kupata mahali ambapo wana wao hawatasumbuliwa. Wakubwa wa chama chake nao walilalamika kwamba waliobatizwa ni wachache mno. Sisi tulio Wakatoliki hatuwezi kusema kwamba ubatizo ni jambo dogo. Lakini walimu wa Kashmir waliolelewa naye, ambao wengi walibaki katika dini yao, ndio waliothubutu kusimama upande wa wajane wachanga, watoto waliofiwa na waume kabla ya kukua na kukatazwa kuolewa tena maisha yao yote. Wala elimu ya wasichana haikusahauliwa katika misioni hiyo, ijapokuwa ilianza kwa shida nyingi.

Mwaka wa 1947 Bara Hindi liligawanyika, na vita vikaingia Kashmir. Huko Baramulla, ambako mapadre wa Mill Hill, wale wale waliohubiri Uganda na magharibi ya Kenya, walikuwa na shule yao, watawa walishambuliwa katika hospitali yao mwezi wa Oktoba, na Mama Teresalina, mtawa kutoka Hispania, akauawa. Katika mwaka huo Bwana Biscoe aliiacha shule aliyoitumikia tangu 1890.

Hakurudi Uingereza kumalizia siku zake. Alikuja Afrika, akakaa Salisbury katika Rhodesia ya Kusini, mji ambao leo ni Harare, na huko akafariki mwezi wa Agosti mwaka wa 1949. Shule ya Srinagar ina jina lake hata sasa, na makafi mawili bado yamo katika alama yake.